Chumbe kwa jicho la mpangaji wa pwani

Nyota nne kati ya tano. Anayekwenda Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na Unguja, kutafuta starehe atapata ufuo mdogo, giza totoro na kaa wa minazi wakipita njiani usiku. Lakini anayeandika mpango wa hifadhi, au anayekaa kwenye kamati ya wavuvi ya shehia yake, aanze kwa kuangalia choo.

Choo hakivuti maji. Ukimaliza unamwaga kopo la majani makavu yenye mboji, vyote vikaoza pamoja. Kisiwa hakina kisima, ni kweli, ila sababu kubwa ni nyingine: shimo la kawaida likichimbwa kwenye jiwe la matumbawe huvuja, uchafu ukafika baharini, mwani ukapata mbolea na kuyafunika matumbawe. Maji nayo ni ya mvua tu. Paa la makuti la kila banda la wageni, na mabanda ni saba basi, limetegwa kuyakinga. Yanapita kwenye mchanga na changarawe, yanaingia tangi lililo chini ya sakafu, yanapandishwa kwa pampu ya mkono, jua linayapasha moto. Yaliyokwisha kuogewa huishia kwenye kitalu cha mimea inayoyanywa. Kwenye mipango mingi "kulinda ubora wa maji" ni kifungu cha karatasi. Hapa unakishika mpini na kukipampu.

Mwamba wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na mpango wa kwanza wa usimamizi ulishika miaka ya 1995 hadi 2005. Nguvu yake ni ufupi: mpaka mmoja, katazo moja, hapavuliwi. Hakuna kubishana juu ya tundu la nyavu wala msimu. Walinzi wametoka kwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na hawabebi bunduki. Wakiona ngarawa imevuka mpaka wanaifuata, wanazungumza na wenyewe, kisha tukio linaingia daftarini. Bila daftari hilo, baada ya miaka mitano hakuna awezaye kusema kama uvunjaji umepungua au watu wamechoka tu kuripoti. Walinzi hao hao ndio wanaowaongoza wageni majini, na ndio wanaowaondoa viti vya pweza wenye miiba, wale wanaokula matumbawe.

Nyota ya tano imepotelea wapi? Kwenye fedha. Mgeni ndiye analipa doria, na mwaka 2020 dunia nzima ilionyesha mgeni anavyoweza kukatika ghafla. Bei nayo si ya mvuvi wala ya mwalimu. Kisha kuna bahati ambayo haiandikwi kwenye kichwa cha mpango: mwamba huu haukuwa na wavuvi wengi hata kabla, kwa kuwa pwani iliyoelekeana nao palikuwa na eneo la jeshi. Aliyenyang'anywa riziki ni mchache, ugomvi ukawa mdogo. Jaribu kuupachika mpango huo Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, kilomita za mraba 470 zenye vijiji vinavyokula bahari kila siku, uone. Huko mfano wa kufaa zaidi ni wa Kisiwa Panza, Pemba, wanakofunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa miezi mitatu kisha wakafungua. Wala mpaka hauzuii joto la bahari: mwaka 2016 matumbawe ya Chumbe yalipauka kama ya kwingine.

Boti hutoka Mbweni. Wageni wa kutwa huchukuliwa mabanda yasipojaa, hivyo uliza mapema, na masika usijisumbue. Ukitaka kuona vidimbwi vya mwambani chagua siku za bamvua, maji yakipwa, na uvae viatu usivyoona uchungu kuvilowesha, kwani kushuka botini ni kwa kukanyaga maji.