Kisima kirefu au tenki la mvua: kipi kinafaa vijiji vya Dodoma?

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kila kikao cha maji kinarudi palepale: tuchimbe au tuvune?

Uzuri wa kisima kirefu ni kwamba hakiogopi Septemba. Jiji lenyewe limetegemea visima vya bonde la Makutupora kwa miaka mingi. Ila vipimo vya huko vinaonyesha kwamba bonde lile halijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Unachota akiba usiyojua itaongezwa lini. Tena vijiji vingi maji yake yana chumvi, chai unaijua kwa ulimi hata kabla ya sukari. Na pampu ikifa wakati mfuko wa kamati ni mtupu, mnarudi korongoni kufukua mchanga.

Tenki lina hesabu nyepesi. Bati la mita za mraba 60, mvua milimita 550, toa robo inayopotea: karibu lita 24,750, maji matamu. Lakini kaya inayotumia lita 100 kwa siku humaliza tenki la lita 10,000 kwa siku 100, na kiangazi ni miezi saba. (Mwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, hana hata bati.)

Mimi ningechimba kwa ajili ya mifugo na kufua, na matenki ningeanzia shuleni na zahanati, kwenye mapaa makubwa.