Ushauri nasaha wa kanisani, Malindi: nyota tatu

Baada ya kumzika mama, shemeji alinipeleka kwa washauri wa kanisa moja hapa mjini. Hakuna malipo, unaacha sadaka ukipenda. Feni haizunguki, kwa hiyo beba leso.

Mara ya kwanza nilipokewa na kijana mwenye Biblia iliyojaa mistari ya kalamu. Sijamaliza kueleza mama aliugua nini, ananiuliza kama nyumbani kuna dhambi iliyofichwa. Elifazi, Bildadi na Sofari watupu, wale rafiki za Ayubu waliomlaumu kuwa mateso yake yametokana na dhambi! Na hao angalau walikaa chini na Ayubu siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Kisha akataka tuimbe pambio. Mithali 25 inamfananisha anayemwimbia mwenye huzuni na siki juu ya magadi, nasi tunaotia magadi kwenye maharagwe tunalijua povu lake.

Wiki iliyofuata nikampata mama mmoja mtu mzima. Akanimiminia chai ya tangawizi, akanyamaza. Nikalia, naye akalia. Baadaye sana ndipo akauliza, “Mwanangu, leo umekula?” Sikuwa nimekula. Akafungua hotipoti: mahamri na mbaazi za nazi.

Zamu yake ni Alhamisi. Ulizeni kwanza mlangoni.