Uzoefu wangu na diwani ya Wilfred Owen

Nilinunua diwani hii kwa muuza vitabu vya mitumba, na kwa miezi mitatu haijaondoka kando ya mto wangu wa kulalia. Nianze na kasoro ili tuzimalize. Maandishi ni madogo mno, gundi ya mgongoni imekauka hadi kurasa zinachomoka, na ufafanuzi wote umerundikwa nyuma, kwa hiyo unasoma huku kidole kimoja kimeshikilia kurasa za mwisho. Mashairi yenyewe ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Owen alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 alitolewa Ufaransa akiwa amevurugwa akili na mabomu, akatibiwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, ambako alikutana na askari mwingine mshairi, Siegfried Sassoon. Mwaka uliofuata akarudi vitani. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25, kwenye mfereji wa Sambre-Oise. Wiki moja baadaye vita vikaisha, na telegramu ya kifo chake ikamfikia mama yake siku hiyohiyo, kengele za amani zikilia.

Wengi wanamjua kwa shairi lake la gesi ya sumu. Nami nililisoma, likanitisha. Lakini lililonishika ni fupi zaidi: "Futility", yaani "Ubatili", mishororo 14 tu, beti mbili za mishororo saba saba.

Linaanza kwa agizo dogo: msogezeni juani. Askari amekufa, kuna theluji, na wenzake wanamhudumia kama mtu aliyechelewa kuamka. Jua lilikuwa likimwamsha kwao kwa upole, likimnong'oneza habari za mashamba yaliyopandwa nusu. Hapo ndipo huwa nasimama. Mtu aliyekulia shambani anajua uzito wa maneno hayo: nusu ina mbegu, nusu haina, na mvua haimsubiri mtu. Hakuna bunduki katika shairi hili, hakuna adui, hakuna bendera. Kuna maiti, jua, na watu ambao hawajakubali.

Ubeti wa pili unauliza. Ikiwa jua huamsha mbegu, na zamani liliamsha udongo wa nyota iliyopoa, mbona linashindwa na mwili ambao bado una joto? Udongo ulikua ukawa mtu kwa ajili ya hili? Ona swali linavyopanda. Halimshitaki jenerali. Linalishitaki jua lenyewe: kwa nini lilijisumbua kuiamsha dunia? Nimesoma mashairi mengi yanayosema vita ni ubatili, na mengi nimeyasahau. Hili halisemi. Linakuacha umesimama na watu hao kwenye theluji, unangoja mtu afumbue macho.

Kisha kuna vina. Sisi tuliozoea tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, sikio letu linangoja silabi ileile mwisho wa mshororo. Owen mara nyingi anakupa konsonanti zilezile na kubadilisha irabu: "seeds" na "sides", "star" na "stir". Ni kama mtu alete "jeshi" pale ulipongoja "jasho". Sikio linanyoosha mkono, halishiki kitu. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu wa mshairi. Niliposoma kwa sauti nikaelewa kwamba ndiyo kazi yenyewe: wao wanangoja aamke, wewe unangoja kina, na vyote viwili havifiki.

Nililigeuza kwa Kiswahili changu, penseli mkononi, nikampelekea mjomba aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1979. Huwa hasimulii vita. Nilimsomea mara moja akanyamaza, kisha akauliza, "Huyo aliyesema asogezwe juani, ni nani?"

Nikamwambia shairi halisemi.

"Ni rafiki yake," akasema. "Mwenzetu mmoja tulimfunika blanketi, tukamwambia, jikaze, gari linakuja. Na tulikuwa tunajua, mjomba." Akaniomba nisome tena ile sehemu ya shamba.

Kwa anayetaka kununua: tafuta chapa yenye maandishi makubwa, na yenye ile dibaji fupi ambayo Owen alikuwa ameanza kuiandika, anaposema ushairi wake umo ndani ya huruma. Kiingereza chake si chepesi, kwa hiyo usisome zaidi ya shairi moja kwa siku, na usome kwa sauti. Mwalimu wa fasihi atapata mengi ya kulinganisha na vina vyetu. Aliyefiwa karibuni asubiri kidogo.

Chapa yangu naipa nyota tatu, mashairi tano. Ile karatasi ya penseli amebaki nayo mjomba.