Kunyoosha bodi Dar: wakala rasmi au gereji bubu?

Gari likigongwa, cha kwanza kuangalia ni bima. Ukiwa na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, wakala rasmi wa kampuni ya magari pale Barabara ya Nyerere ana unafuu wake: mapokezi yana kiyoyozi, gari linapigwa picha kila upande, na unapewa makadirio yaliyochapwa ambayo mkaguzi wa bima atayafanyia kazi. Kasheshe huanza baadaye. Anayekupokea siye anayepiga rangi, kwa hiyo ukiuliza kazi imefikia wapi unaambiwa "tunasubiri spea", na wiki inayofuata jibu ni lilelile. Kuliona gari lenyewe mpaka uombe ruhusa.

Kwenye gereji bubu, yaani kwa fundi wa mtaani asiye rasmi wa Ilala au Sinza, unakalia ndoo tupu ya rangi, unamwonyesha kwa kidole: "Kaka, hapo puti imezidi." Anachukua msasa, anaisugua ukiwa umesimama palepale. Bampa likikosekana, mnalifuata wote Shaurimoyo, kwenye maduka ya spea. Bei nayo inazungumzika. Ila risiti usiulize, na ile "njoo kesho, bosi" ya mafundi rangi wote tunaijua. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, maana rangi inapigwa nje.

Mimi mkwaruzo au mlango uliobonyea nampa fundi wa mtaani bila kuwaza. Chesisi ikipinda au mifuko ya hewa ikifumuka, naenda kwa wakala, hata kama mapokezi wana nyodo. Kote kuwili, salio lipa baada ya kulitoa gari juani uone kama rangi imefanana.