Rilei ya Koili au Rilei ya Semikondakta?
Rilei ni swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme: ya koili hutumia waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, ya semikondakta hutumia kijenzi cha kielektroniki. Kwa bei, rilei ya koili kwa kawaida huwa nafuu, na ubora wake hasa umo katika ncha zake, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ili kupitisha umeme: koili isipopata umeme, springi huibana ncha ya kati kwenye ncha iliyofungwa, ikipata umeme, sumaku huivuta hadi kwenye ncha iliyokuwa wazi, hivyo kifaa kimoja huzima saketi moja na kuwasha nyingine. Rilei ya semikondakta kwa kawaida huwa na njia moja tu.

Kwa uimara mambo hugeuka. Ncha zinapoachana zikiwa na mzigo, cheche huzila uso, na hatimaye zinaweza kuyeyuka na kushikamana. Semikondakta haina kinachosogea, lakini hupoteza takriban volti 1 hadi 1.6 ndani yake. Kwa mkondo wa ampea 10, hizo ni wati 10 hadi 16 za joto, nalo huhitaji bamba la kupozea. Tena, hata ikizimwa huvujisha mkondo mdogo, jambo ambalo fundi asilisahau kamwe kabla ya kushika nyaya.

Anayewasha pampu mara chache kwa siku, koili yamtosha. Anayedhibiti hita inayowaka na kuzimika kila sekunde chache, gharama ya ziada ya semikondakta itamlipa kwa kudumu kwake.