Uzoefu wangu: miezi minane naacha gari Kimara, mjini naingia na basi la mwendokasi

Nafanya kazi Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, sio mbali na Sanamu ya Askari pale Samora, na naishi Mbezi. Miaka minne nilikuwa naenda na gari kila siku na mtu akiniambia acha gari nilikuwa namuona hanitakii mema kabisa. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri niiwahi foleni ya Ubungo, nafika mjini saa moja kasoro, hapo sasa ndo inaanza kazi ya pili, kutafuta pa kupaki. Nazunguka Samora, nashuka Sokoine Drive, napanda tena, vijana wananipungia mkono "dada njoo huku kuna nafasi", nikifika nafasi yenyewe ni nusu gari barabarani nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu, na mimi napaki tu maana saa imeenda.

Kilichonichosha kabisa ni deni. Siku moja naangalia nadaiwa maegesho ya siku ambayo gari lilikuwa gereji Tabata limeshushwa injini. Nikapiga simu, nikaambiwa lipa kwanza ndo ulalamike, nikalipa, na mpaka leo roho inaniuma kwa sababu hakuna aliyenisikiliza hata dakika mbili. Jioni ile nikakaa na kalamu nikapiga hesabu ya mwezi mzima, mafuta, maegesho, hela ya hao vijana, aisee, ilikuwa inazidi ada ya mtoto.

Basi nikaamua kujaribu. Gari naacha kwenye yadi ya mtu binafsi nyuma ya Kimara Mwisho, elfu mbili kwa siku, kuna mzee analinda tunamwita Babu na akiona hujafunga kioo anakupigia. Kutoka hapo ni mwendokasi mpaka mjini. Mnajua ilianza Mei 2016, nauli ya njia kuu ikiwa 650, na mimi miaka yote ya gari nilikuwa nakaa kwenye foleni nikiona inanipita, maana ina njia yake katikati ya barabara, foleni ya magari mengine haiihusu. Nauli inalipwa kabla hujaingia kwa hiyo basi halisimami kusubiri konda akusanye hela, na sakafu ya basi iko sawa na jukwaa la kituo, hupandi ngazi. Vitu vidogo hivyo ndo vinavyofanya basi liondoke haraka, na ndo vilichangia Dar kupata ile tuzo ya usafiri endelevu ya 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Asubuhi watu ni wengi, hilo lazima useme ukweli, ukichelewa utasimama mpaka mwisho na begi umelikumbatia kifuani. Na mvua kubwa zikishuka Jangwani ikajaa maji, njia inafungwa, siku hiyo pangeni mapema.

Ila ninachotaka kukisema hasa ni kinachotokea ukishashuka. Mwezi wa tatu wa huu utaratibu nilimpeleka mama kliniki ya magoti mjini. Mama anatembea na fimbo. Kituoni Kimara kapanda kwa ule mteremko taratibu, kaingia kwenye basi bila kunyanyua goti, nikafurahi kweli, nikasema mbona rahisi hivi. Tukashuka Kisutu. Kutoka pale mpaka kliniki ni kama mita mia tatu na tulitumia karibu nusu saa. Gari limepaki juu ya njia ya miguu, tunashuka barabarani, bodaboda inatupigia honi, tunapanda tena, mbele mfuniko wa mtaro haupo, tunashuka tena, mara gari lingine limebana kabisa na ukuta. Kila kushuka na kupanda mama anauma meno. Na mimi nikakumbuka miaka minne yote nilikuwa napaki hivyohivyo, sikuwahi kufikiria nani anapita pale.

Sasa mama yangu alikuwa na meza ya khanga Kariakoo, pembeni ya njia, hela ya meza ile ndo imenisomesha. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa kwenye njia za miguu jiji zima yeye alikuwa ameshaacha biashara lakini alilia siku ile. Kwa hiyo siku hiyo ya kliniki, mbele ya lile gari, nilidhani ataniambia unaona, walitutoa sisi bure. Alisimama kidogo ameshika fimbo akasema, "Mwanangu, mimi mtu akitaka kupita nilikuwa navuta meza yangu. Hili gari mwenyewe yuko ghorofani, nani atalivuta?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kama natoa alama, basi na kituo nawapa nne kati ya tano, mitaa ya ndani baada ya kituo naipa mbili. Ukitembea pale penye njia pana zilizojengwa pamoja na mradi wa mwendokasi unaona tofauti, mtu na mtoto wake wanatembea bega kwa bega, kisha unakata kona moja tu na njia imekwisha. Nguzo fupi za zege pembeni ya njia zingetosha kuzuia magari, hazihitaji askari wala faini. Na Kimara pawekwe maegesho ya kueleweka yenye taa na geti, wengi tunaotoka Mbezi na Kibamba tungeacha magari hukohuko, sio kila mtu atapata yadi yenye Babu.

Mama kliniki yake inayofuata ni mwezi ujao na nimeshapita njia yote kwa miguu mchana nikiangalia wapi hapana gari. Nimepata ya kuzunguka, ndefu kidogo ila tambarare, na kuna mnazi mmoja wenye kivuli na ukuta mfupi wa kukalia katikati ya safari.