Songo Mnara na watoto: mashua ya tanga au boti ya injini?
Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, mashua ya tanga inatosha kabisa: ni kama kilomita 2 tu, na watoto hufurahi kuona tanga likipandishwa. Songo Mnara, kisiwa cha magofu cha jirani, ni habari nyingine. Iko kusini, hivyo msimu wa kusi, upepo utokao kusini, mashua hukutana na upepo wa mbisho, yaani wa mbele, huenda ikipinda huku na huku, na watoto huchoka juani. Hapo chukueni boti.

Boti nayo ina yake. Injini nyingi za kuchanganya oili na petroli hutaka oili mililita 400 kwa petroli lita 20. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi hushika masizi na injini huzima mkondoni. Kabla ya kulipa, mwombeni nahodha awaonyeshe plagi ya akiba, makasia na majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto.

Chombo chochote kile, ulizeni saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hukupwa karibu saa nne asubuhi, nanyi mtashuka mbali na ufuko na kukanyaga tope la mikoko. Vaeni viatu vya kufunga. Kibali cha magofu hukatwa Masoko, kabla ya kuvuka.